Nyota Inayokula Mwenzake

Floribert alipopunguza kiuno cha gauni lile kwa mara ya tatu, aliweka mkasi chini akamtazama binti yake kama fundi anavyotazama kitambaa kilichorudi kifupi kutoka kwa mfuaji. Kitambaa alikijua. Mikono yake mwenyewe aliijua. Kilichobadilika ni mwili uliokuwa ndani ya gauni.

"Wivine, unakulaka?"

"Ninakulaka, papa."

"Wapi? Hapa sahani yako inarudi ku jikoni vile ilitoka."

"Ninakulaka ku université, na bacamarades." Alilivua gauni alilolijaribu juu ya blauzi yake, kwa uangalifu, akalitundika begani mwa baba yake, akacheka. "Usiniangalie vile, papa. Utaniroga."

Floribert hakucheka. Alimtazama akichukua mfuko wa kompyuta na kutoka, mabega yamechongoka chini ya blauzi kama tundikio la nguo. Macho ya binti yalikuwa mekundu, nayo hayakuwa ya mtu aliyelia, wala ya mtu aliyelala.

Floribert alikuwa fundi cherehani wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, mtu wa reli, ndicho kilikuwa karakana yake na ndicho sebule yake. Mke wake alikuwa amekwisha kufa. Wivine ndiye aliyebaki naye nyumbani, mwanafunzi wa fizikia mwaka wa mwisho, na gauni lile lilikuwa la Jumamosi. Siku hiyo ukoo wa mchumba wake, Yannick, ungekuja kupiga hodi rasmi. Wangeleta vinywaji na kusema wanachokitafuta. Baba akishaonja kinywaji kile, neno limemtoka, na neno la mtu mzima wa Kamalondo halimezwi tena. Kwa hiyo Floribert alikuwa na siku zilizobaki hadi Jumamosi kujua ni kitu gani kinachomla mtoto wake.

Mtuhumiwa alikuwa naye tayari. Tena mtuhumiwa huyo alijishtaki mwenyewe, mezani, Jumapili iliyotangulia, baada ya misa.

Yannick alikuwa mtoto wa Kakule, mfanyabiashara wa jumla wa Kampemba, mtaa mwingine wa mji huohuo, aliyetoka Butembo, Kivu ya Kaskazini. Unga, mafuta, sabuni. Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, anapokea sahani kwa mikono miwili. Alisoma darasa moja na Wivine. Jumapili hiyo Floribert alimwuliza, kwa kutaka mazungumzo tu, ni somo gani hilo linalowafanya wote wawili wazungumzie kompyuta kama watu wa kawaida wanavyozungumzia ndugu zao.

Yannick alifurahi. Alimega tonge kubwa la bukari, ugali wa mji ule, akaliweka kando ya sahani, kisha akachagua haragwe moja jeupe akaliweka karibu nalo.

"Papa, hii kubwa njo nyota ya kawaida. Na hii haragi njo nyota yenye ilishaka kufa."

"Nyota inakufaka?"

"Moto yake iliisha, papa. Inabaki kajivu kenye moto, kadogo sana, inaitwa kibete cheupe. Ukubwa ni kama hii dunia yetu, lakini uzito yake karibu sawa na ya jua. Sasa zile zetu ziko mbili, zinazungukana karibu karibu. Huyu kibete, na uzito yake, anavuta mwili ya mwenzake. Anamukula kidogo kidogo." Akachuna kipande cha tonge, akakitia kinywani. "Na tena iko na sumaku. Aimant, papa, ya nguvu kupita yote yenye bantu bashafanya. Ile sumaku njo inaongoza chakula mupaka ku kinywa yake."

"Na mwenzake hakimbie?"

"Atakimbilia wapi? Bamefungana. Kibete anamuangalia na sura moja, siku zote, hageuke."

Kijana akacheka, na Wivine akacheka naye. Lakini Marie-Thérèse, dada mkubwa wa Floribert, ambaye hakukosa chakula cha Jumapili katika nyumba ile, aliacha kutafuna.

Msomaji asiyeishi Lubumbashi aelezwe. Mjini humo neno hilo, aimant, halikai shuleni. Mtu akiuza kupita jirani yake, watasema amefukia aimant chini ya kizingiti. Inavuta wateja, inavuta bahati za watu, na ikichoka inadai kulishwa. Nayo hailishwi kuku. Hulishwa mtu wa nyumbani, pole pole, mpaka aishe. Floribert aliyasikia hayo tangu utoto. Alikuwa Mkatoliki aliyetumikia altare, mtu wa kusoma magazeti mpaka matangazo, na siku zote alisema haamini. Lakini kutoamini ni kama koti: linatosha kwa baridi ya kawaida. Mvua kubwa ikishuka, mtu hutafuta paa.

Wivine alipokwisha kutoka na mfuko wake, Marie-Thérèse aliingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alilitazama gauni.

"Umepunguza tena?"

"Kidogo."

"Floribert, kijana alisema mwenyewe. Na kinywa yake, mbele ya bukari."

"Alisema juu ya nyota, yaya," Floribert alimjibu, kwa neno la heshima la kumwita ndugu mkubwa.

"Na ulitaka aseme jina ya mutoto? Mulozi gani atakuambia 'mama, leo niko nakula Wivine'? Atasema nyota! Atasema haragi!" Aliinama mbele. "Baba yake anauzisha kupita bote kule Kampemba. Juu ya nini?"

"Juu iko na camion, malori yake mwenyewe."

"Bengine habana camion?" Kisha macho yake yakaanguka juu ya cherehani, penye kipande cha sumaku kilichojaa sindano kama nungunungu. "Na weye, toa hii kitu hapa."

"Hii ni ya kuokota sindano chini, yaya! Baba mwenyewe aliniletea toka ku atelier ya reli."

"Kila mutu iko na sababu yake," alisema Marie-Thérèse, akaondoka.

Jumatano Floribert alifunga mlango wa karakana, akavaa koti, akaenda Kampemba. Alijiambia anakwenda kununua sabuni. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya depo ya Kakule, duka lake la jumla, akatazama.

Alichokiona hakikumpa raha. Depo mbili zilipakana, mlango kwa mlango, zenye unga uleule na mafuta yaleyale. Mwenye depo ya kwanza alikaa juu ya kreti akijipepea kwa katoni. Wateja, wanawake wenye mabeseni na vijana wenye mikokoteni, walimpita kama jiwe la njiani, wakaingia kwa Kakule. Walikuwa wakivutwa, au wakienda wenyewe? Kwa mbali mambo hayo mawili yanafanana.

Kisha lori likapakuliwa. Kabla gunia la kwanza halijafunguliwa, Kakule, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, akanong'ona kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo. Akagusa la pili, akanong'ona tena. Wapakuaji walingoja kimya kama watu waliozoea. Floribert alifunga vifungo vya koti lake katikati ya jua la saa sita.

"Bukwe!" Kakule alikuwa amemwona, akamwita kama mkwe tayari, akimpungia mkono aingie. "Juu ya nini unasimama ku jua kama mupelelezi? Kuya, kuya!"

Alipewa kiti kizuri. Alipewa chupa ya soda iliyotoa jasho la baridi. Floribert aliishika, akairudisha mezani.

"Meno inaniuma, bukwe."

"Meno?" Kakule aliitazama chupa, akamtazama mgeni. Hakuwa mtu wa kufichwa jambo. Miaka ya biashara ilimfundisha kusoma uso wa anayekataa kitu kizuri. "Pole kwa meno."

"Na Yannick? Simuone."

"Iko Kasumbalesa, ku mupaka, ku douane. Njo anatosha bacamion yangu kule. Tangu mwezi wa ine anaenda, anarudi, anaenda. Mimi magoti imekufa. Yeye njo muguu yangu."

Floribert alirudi nyumbani na kipande cha sabuni na akili iliyojaa mawingu. Kama kijana yuko mpakani siku zote hizo, na Wivine anazidi kukonda hapa, basi kitu hicho kinafanya kazi kwa mbali. Si ndivyo alivyosema mwenyewe? Kibete hamgusi mwenzake. Anavuta tu. Floribert hakuwaza kwamba safari za Kasumbalesa zingeweza kuwa na maana nyingine. Shaka ikishakaa kitini haimpishi mgeni mwingine.

Jumamosi ukoo wa Kakule uliwasili, gari limeoshwa. Kakule alivaa suti. Mdogo wake Kasereka alikuwa msemaji, maana baba hajiombei mwenyewe. Yannick alikaa mwisho wa kochi, magoti pamoja, shati jeupe. Kreti za vinywaji zilipangwa katikati ya chumba, na majirani walizihesabu kutoka barabarani bila kujificha. Wivine, kama desturi inavyotaka, alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia pamoja na Marie-Thérèse. Msichana haonekani wala hasikiki mpaka aitwe.

Kasereka alisimama. "Baba mwenye nyumba. Sisi ni bantu ba mbali, tunapita pita. Siku moja giza ilitukuta mu hii quartier, tukaona dirisha moja tu inawaka. Tumekuja kuuliza kama hiyo taa iko na mwenyewe."

"Taa iko na mwenyewe," Floribert akajibu inavyopasa. Lakini badala ya kuuliza wamebeba nini, alitoka nje ya njia. "Mbele ya kugusa chupa, niko na neno. Mutoto wangu anaisha. Mimi fundi, mikono yangu inajua. Na Yannick alituambia hapa, kwa kinywa yake, juu ya kitu yenye iko na aimant na inakulaka mwenzake. Sasa ninauliza mbele ya bantu bote. Bukwe Kakule, mu depo yako iko nini?"

Pazia lilitikisika. Yannick akafungua mdomo, lakini baba yake alimnyamazisha kwa kidole.

"Asante," Kakule alisema taratibu. "Miaka yote ninasikia hiyo neno nyuma ya mugongo. Weye njo wa kwanza kuileta mbele. Mimi niko na kiti kwa mama mwenye mimba, na maji ya kunywa, na kama mutu anasahau mizigo yake ninamuwekea. Jirani yangu anajipepea tu. Njo aimant yangu."

"Nilikuona unasema na magunia."

"Ninasali!" Kakule aligonga goti, akakunja uso kwa maumivu. "Unajua barabara ya kule kwetu Butembo, bukwe? Matope, bandugu benye bunduki, madaraja ya miti? Gunia kufika ni muujiza. Baba yangu alisali juu ya kila gunia, na mimi ninasali. Sasa mimi pia niulize." Akanyoosha mkono kuelekea cherehani. "Ile kitu yenye manyoya ya chuma ni nini? Rozari?"

Wote wakageuka. Sumaku ilikaa pale na sindano zake.

"Ni ya kuokota sindano," Floribert alisema.

"Aa. Kasereka, umesikia? Ni ya kuokota sindano."

"Nimesikia, yaya," Kasereka alimjibu kaka yake kwa uso mzito. "Tangu tuingie niliiona. Nilikuwa nimeanza kusali."

Nyuma ya pazia mtu alipasuka kicheko, akazibwa mdomo. Hata Floribert alihisi midomo ikimsaliti. Aibu ilimpanda shingoni. Alikuwa amemtukana mtu mzima mbele ya mtoto wake. Lakini aibu haikumwongezea Wivine nyama. Gauni lilikuwa bado na mikunjo mitatu kiunoni.

"Basi nisamehe, bukwe. Neno lile ninaliondoa." Akageukia kochi. "Ila weye, Yannick, unifundishe, nisibaki mujinga. Hiyo nyota yenye unasoma, inaonekana wapi?"

Kijana alipumua. "Macho haiioni, papa, iko mbali sana. Bantu ba télescope inje ya inchi banaipima, banatia vipimo ku internet. Sisi tunavuta vile vipimo, tunahesabu. Mwanga inapanda na kushuka kila mara zinazungukana, karibu saa mbili tu. Kwa hiyo njo tunajua sumaku iko na nguvu gani, chakula inaangukia wapi. Ni mémoire yangu, kitabu ya kumaliza masomo. Nikiimaliza, bananipeleka Afrika ya Kusini, ku stage, kujifunza kazi."

"Muzuri. Na leo inafanya nini? Inakula bado?"

Lilikuwa swali dogo, la mzee anayetafuta njia ya kurudi kwenye vinywaji. Yannick alitabasamu.

"Inakula, papa. Kila siku."

"Haikuli tena!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilifuatiwa na sauti ya Marie-Thérèse, kali na ya chini: "Nyamaza, weye! Haujaitwa!"

Kreti zenyewe zilionekana kusikiliza.

"Imeacha," Wivine aliendelea, kana kwamba maneno yalikuwa yamemshinda nguvu. "Tangu mwezi wa tano imeacha. Mwenzake hamupe tena kitu. Mwanga imeanguka kabisa. Nilikuandikia, Yannick. Ni sura nzima ya mwisho. Haukusoma?"

Yannick aliangalia viatu vyake.

Floribert aliinuka. Alikwenda mpaka penye pazia akalivuta, jambo ambalo baba hafanyi siku kama hiyo, na pale alisimama binti yake katika gauni, mkono wa shangazi ukiwa bado karibu na mdomo wake.

"Hii kazi ni ya nani?" Floribert aliuliza. Hakumwuliza Wivine. Aliuliza akiwa amempa kochi mgongo.

Yannick akasimama. Hilo Floribert alilisikia, na baadaye alilihesabu kwa faida ya kijana: kwamba alisimama.

"Ni yake, papa. Tangu nilianza kwenda Kasumbalesa. Mwanzo alinisaidia hesabu. Nyuma alinisaidia kuandika. Nyuma... mimi nilikuwa ninasoma tu. Sasa hata kusoma siku hizi..."

"Na yako, Wivine? Mémoire yako iko wapi?"

"Nimeiweka pembeni, papa. Kidogo tu. Ya Yannick iko na tarehe, juu ya ile stage. Yangu inaweza kungoja mwaka." Aliongea haraka, kama mtu anayetetea mwingine. "Hakuniomba. Ni mimi nilisema nitafanya."

"Hakukuomba," alisema Floribert, "na hakukukataza."

Kakule alikuwa amevua kofia. Alimtazama mwanawe, kisha magoti yake mwenyewe, kana kwamba ndiyo yaliyosema uongo. "Mimi nilimuuliza, 'Masomo inaenda?' Akaniambia, 'Inaenda, papa.' Kumbe ilikuwa inaenda na miguu ya mutoto wa bantu."

Kasereka, ambaye kazi yake ilikuwa kuliokoa shauri, alikohoa. "Baba mwenye nyumba, haya ni mambo ya masomo. Yanapangika. Tusiache vinywaji vipate moto. Uulize mutoto vile desturi inasema, tuendelee."

Na kweli desturi ilikuwepo, nayo haikumpendelea mtu. Baba haonji kinywaji kabla ya kumwuliza binti mbele ya wageni wote. Kwa kawaida ni mchezo. Binti anainamisha kichwa, anasema ndiyo, wanawake wanapiga vigelegele. Marie-Thérèse alikuwa amekwisha kuvuta pumzi.

Floribert alichukua chupa moja, akasimama mbele ya Wivine. Alitamani kumwamulia. Shaka yake yote ya wiki nzima ilikuwa imemkosa mchawi, lakini ilikuwa imegonga karibu kiasi cha kumtisha. Mtoto alikuwa analiwa kweli, na aliyekuwa akimkata vipande na kuvipeleka mezani alikuwa mtoto mwenyewe.

"Wivine. Nipokee?"

Wivine alimgeukia Yannick.

"Unajua ni nini inazima wakati mwenzake anaacha kutoa?" alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwanafunzi mwenziwe. "Ni kibete, Yannick. Si mwenzake. Mwenzake inabaki vile iko. Ulipaswa kujua. Ni swali la kwanza bale baprofesa batakuuliza." Kisha kwa baba yake: "Ninamupenda, papa. Lakini usipokee leo. Nitetee kazi yangu kwanza, na yeye ya kwake. Kila mutu na yake."

Vigelegele vya Marie-Thérèse vilibaki kifuani, vikatoka kama kikohozi.

"Vinywaji vinarudi?" Kasereka alinong'ona. "Mbele ya majirani?"

"Vinarudi," alisema Floribert. Akainama, akanyanyua kreti ya kwanza mwenyewe, ili ijulikane kwamba hafukuzi mtu. Upande wa pili wa kreti ulikuwa mzito. Akaona Kakule ameushika, magoti yakilia.

"Tangu nianze biashara," Kakule alisema walipokuwa wakipita mlangoni hatua kwa hatua, wakitazamwa na barabara nzima, "sijarudisha mali ku depo."

"Bukwe, tafuta mutu mwingine wa kwenda Kasumbalesa."

"Nitatafuta. Nitaenda mwenyewe, kama ni lazima, nalala juu ya magunia." Aliweka kreti garini. "Na meno yako? Ikipona, utakunywa soda yangu?"

"Ikipona."

Yannick alibeba kreti ya mwisho. Hakuingia garini. Alisimama mbele ya Floribert, shati limeshika jasho, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu la kuwapa wakubwa.

"Papa, ninaweza kurudi kesho?"

Floribert alimchunguza. Hakuona mchawi. Hakuona malaika pia. Aliona kijana aliyezoea kupokea kwa mikono miwili na ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza anatoa kwa mkono gani.

"Kuya. Lakini utakaa hapa mu karakana, mbele yangu, unafanya hesabu yako mwenyewe. Wivine atakuwa mu chumba na yake. Ukishindwa, utaenda kumuuliza profesa."

"Na kama ninataka kumusalimia?"

"Utamusalimia. Mimi nitasikiliza ni salamu ya namna gani."

Gari liliondoka. Majirani walikuwa wamekwisha kuanza kutunga habari zao. Floribert alisikia neno aimant likipita kutoka mlango mmoja hadi mwingine, akaliacha lipite. Ndani, Marie-Thérèse alikuwa akimwambia Wivine kwamba katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kukataa kreti ngapi sijui, na Wivine alikuwa akimwuliza kama kuna bukari iliyobaki, maana alikuwa na njaa.